Bluzi Haipulizwi

Mume wangu ni fundi wa makochi, na kama mafundi wa makochi wa zamani, anafanya kazi huku mdomo umejaa misumari. Misumari kweli, ile midogo yenye kichwa bapa. Anachota kiasi kwenye kopo, anaitupia mdomoni kama karanga, halafu ulimi unaisukuma mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, kichwa mbele. Mkono unaupokea, nyundo inashuka. Ukimtazama kwa nyuma utadhani anakula. Akiwa kazini mazungumzo yetu ni mimi nasema na yeye anaguna. Kuna wanawake wangelalamika; mimi nimeona ni utaratibu mzuri tu.

Mimi nashona. Cherehani yangu iko dirishani, vitambaa vimenizunguka mpaka magotini, na upande wa pili wa ukuta yuko kaka yangu mkubwa, kinyozi. Ukuta wenyewe ni mbao. Mteja wake akipiga chafya, mimi huku namwambia afya. Na akiondoka mteja mmoja kabla hajaingia mwingine, kaka huchukua gita na kupiga bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Ugonjwa huo aliupata ujanani, kwenye santuri za mwajiri wake wa kwanza, na hajapona. "Bluzi," hupenda kuwaambia wateja waliokwisha pakwa povu na hawana pa kukimbilia, "ni mtu analalamika huku anajua kesho ataamka tu aende kazini."

Jioni tukishafunga, mume wangu huhamia saluni kwa kaka. Ana kiti chake pale pembeni, alichokitengeneza mwenyewe, na ana sharti moja: asipige makofi. Maana Baba Pacha, ndivyo ninavyomwita, kwa ajili ya mapacha wetu ambao siku hizi wana nyumba zao, amejaliwa kila kitu isipokuwa sikio la muziki. Makofi yake hufika ama kabla ya wimbo ama baada. "Shemeji," kaka humwambia, "mikono mfukoni." Naye huitia mfukoni, akakaa hivyo, akasikiliza mpaka mwisho. Hawaongei la maana hao wawili. Wanataniana, wanazodoana, kila mtu anakwenda kulala. Ukiwauliza kama ni marafiki watakushangaa.

Sasa siku moja kaka aliingia kwetu saa ya chai, akaketi juu ya kochi lisilo na mito, akasema binti yake anamtaka akaishi naye ng'ambo. Miguu haitaki tena kusimama kutwa, wajukuu wanamjua kwenye picha tu, na safari imekwisha pangwa. Mwisho wa mwezi anaondoka.

Mimi niliweka mkasi chini nikalia, sikujificha. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Mume wangu alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema yote kiganjani, jambo ambalo halifanyi hata kwa mteja mkubwa, akasema, "Safari njema, shemeji." Kisha akairudisha mdomoni na kuendelea kugonga.

"Ndiyo hayo tu?" nilimuuliza kaka alipotoka.

Akaguna.

Kesho yake alikwenda kununua sponji, akarudi na kitu kingine kwenye mfuko wa shati. Akakiweka juu ya cherehani yangu, juu kabisa ya mshono niliokuwa naushona. Kilikuwa hamonika, kinanda cha mdomo, kidogo, cha kung'aa, chenye matundu kumi.

"Nataka nipige naye," alisema. "Mara moja tu. Kabla hajaondoka."

"Wewe?"

"Mimi."

"Baba Pacha, wewe uliyefukuzwa kwenye makofi?"

"Makofi ni mikono. Hiki ni cha mdomo." Akakichukua, akakifuta kwa kidole. "Mama Pacha, miaka yote hii nimekaa pale mikono mfukoni. Akifika huko akikumbuka jioni zetu, sitaki anikumbuke nimekaa tu."

Nilikuwa na utani wa kutosha tayari kwa siku hiyo, lakini niliumeza. Nikamwambia stoo ni yake, ila asinichafulie vitambaa.

Stoo ya fundi makochi imejaa sponji kutoka sakafuni mpaka dari, na hakuna chumba kimya zaidi yake. Hata ukigombana humo unachoka, maana sauti haikurudii. Mwalimu alimpata kwenye video za simu: mzee mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani, aliyesema lugha ambayo sisi wote wawili hatuijui. Tukamwita Ndevu. Ndevu alikuwa anaongea sana na kupiga kidogo, na alipopiga, sehemu ya chini ya kioo cha simu zilipita namba, na kila namba na kishale chake, kingine kimeelekea juu, kingine chini.

Namba Baba Pacha alizielewa papo hapo: tundu la kwanza, la pili, la tatu. Na kulipata tundu moja peke yake, jambo ambalo kaka alikuja kuniambia huwatesa wanafunzi kwa sababu midomo yao inafunika matundu matatu kwa mpigo, yeye alilipata siku ya kwanza. Midomo iliyozoea kuchagua msumari mmoja kati ya ishirini itashindwaje na tundu? Alinitazama kwa majivuno nikamvumilia.

Vishale ndivyo vilivyomponza. Kishale kikielekea juu, Baba Pacha aliinua uso mpaka kinanda kikatazama dari. Kikielekea chini, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Na kote huko, juu na chini, alikuwa anapuliza. Nilisimama mlangoni nikamwangalia kama ninavyomwangalia kuku anayekunywa maji. Sikucheka. Yaani, sikucheka nikiwa pale.

"Mbona sifanani naye?" aliniuliza, jasho linamtoka.

"Labda ni ndevu," nikasema.

Akaacha kunyoa. Ninasema kweli, mwanamume ambaye shemeji yake ni kinyozi, akaacha kunyoa! Na ndevu hizo ndizo zilizomchongea, maana kaka alivumilia siku chache tu, kisha akaja mwenyewe na wembe mkononi.

"Shemeji, nimekukosea nini? Au wembe wangu siku hizi ni butu?"

"Najipumzisha ngozi."

"Unajipumzisha ngozi." Kaka akanigeukia mimi. Mimi nikageukia cherehani. "Na yule mbuzi ninayemsikia mchana humu ndani, mmeanza kufuga lini?"

Baba Pacha hajui kudanganya. Masikio yanambadilikia rangi. Akaingia stoo akamtolea kinanda. Kaka aliketi juu ya roli la sponji, akaomba aonyeshwe. Mume wangu akainua uso, akapuliza. Akainama, akapuliza. Akainua tena. Kaka alianza kutikisika mabega, halafu akateleza kutoka kwenye roli, akacheka akiwa sakafuni mpaka nikamletea maji.

"Vile vishale ni pumzi, shemeji," alisema alipopata sauti. "Cha juu unapuliza, cha chini unavuta. Na wewe umepuliza vyote! Bluzi haipulizwi. Bluzi inavutwa."

"Inavutwa?"

"Sikiliza. Bluzi ni mzunguko. Unaanzia nyumbani, unatoka kidogo kwa jirani, unarudi nyumbani, unakwenda mbali kidogo, unarudi tena. Sasa kwa gita langu na kinanda hicho, nyumbani ni kuvuta. Tundu la pili, vuta, umefika nyumbani. Ukitoka kwenda kwa jirani, hapo ndipo unapuliza. Mzunguko ukiisha, ama mnazunguka tena, ama mnafunga. Basi."

"Na ile sauti inayolegea? Ile kama mtoto ananung'unika?"

"Hiyo unavuta huku ulimi unarudi nyuma taratibu, sauti inapinda. Lakini kwanza vuta tu."

Mume wangu akaweka kinanda mdomoni. Kifua kikapanda, mabega yakapanda, pua ikatanuka. Kinanda kimya.

"Kwa mdomo," kaka akasema.

Akajaribu tena. Midomo ilijibana kwenye chuma, uso ukawiva, halafu akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mara ya tatu ikawa vilevile. Kila alipotaka kuvuta, koo lilijifunga lenyewe.

"Mtu mzima hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo?" kaka alimshangaa. "Shemeji, hii si ndiyo kazi ya kwanza uliyoifanya ulipozaliwa?" Akasimama, akajikung'uta. "Haya. Ukijua kuvuta kabla sijaondoka, lete hicho kidude saluni, tutapiga wote. Ukishindwa, utakaa kwenye kiti chako kama kawaida, mikono mfukoni."

Akaondoka, na tulimsikia akicheka mpaka upande wa pili wa ukuta. Baba Pacha hakucheka. Na jioni ile hakwenda saluni. Alibaki kupanga mikanda ya makochi ambayo ilikuwa imekwisha pangwa, gita likasikika peke yake, kisha likanyamaza mapema. Nilimtazama mgongo nikaumia, maana utani ukifika pale hauchekeshi tena.

Asubuhi yake nilikuwa nashona mto, yeye akigongelea mikanda kwenye fremu ya kochi mbele yangu. Nikamtazama kwa makini kwa mara ya kwanza katika muda mrefu. Mume ni kitu unachoacha kukitazama. Mdomo umejaa misumari, taya limetulia, na pumzi inaingia puani, inatoka puani. Ikitoka kwa mdomo, inatoka tu na guno. Kuingia, haiingii kamwe.

Nikasimamisha cherehani. "Baba Pacha, tema."

Akatema.

"Umewahi kumeza?"

Masikio yakabadilika rangi. Akatazama mlangoni kana kwamba mtu angesikia, kisha akanieleza kwamba alipokuwa anajifunza kazi alimeza mmoja. Fundi wake alimlisha ndizi mbivu kutwa, na siku iliyofuata akaketi nje ya choo na kuulizia habari kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Msumari ulipotoka salama, fundi akamshika kidevu akamwambia: kuanzia leo pumzi yako inaingia puani, mdomo wako ni kopo.

"Na mimi mkeo hukuwahi kuniambia?"

"Hukuuliza."

Basi nikaelewa. Mwili wake ulikuwa umetii miaka yote hiyo, na sasa kinanda cha chuma kikigusa midomo, mwili unajua kitu kimoja tu: ukivuta, umemeza. Mtu huyo hakukosa kipaji. Alikuwa ni fundi mzuri mno.

Nikavua kimto changu cha pini nikamfunga mkononi, nikakijaza misumari yake. "Mdomoni hauingii tena hata mmoja," nikasema. Alinitazama kama nimemwambia atembee kwa mikono. Na kweli kazi iliharibika. Alijigonga kidole gumba, akajigonga tena palepale, akatafuta misumari mdomoni ambako haikuwepo. Viti vya hoteli moja vikachelewa, meneja akapiga simu, nikamdanganya kwamba kitambaa kimekosekana. Nimeshawadanganya watu kwa sababu ndogo zaidi.

Na kila tulipoingia stoo, tulianza na uchunguzi. Anaketi juu ya roli la sponji, anafungua mdomo, namulika na taa ya simu.

"Inua ulimi. Geuka huku. Hamna kitu. Vuta."

"Una hakika?"

"Kuna jino linataka kung'olewa. Msumari hamna. Vuta, mume wangu."

Mlio wa kwanza ulikuwa wa mlango wa kabati la zamani. Tulitazamana. Akatoa kinanda, akajipapasa koo, akaona yuko hai, akakirudisha. Tangu hapo sikupata amani nyumbani. Alivuta akiamka, alivuta nikipika, alivuta akiwa bafuni, na nilipomwambia anipumzishe alinieleza kwamba anatoka kwa jirani anarudi nyumbani, nimwache afike.

Kisha alasiri moja, mimi nikiwa kwenye cherehani, sauti ikapinda. Ilitoka stoo, ikapita kwenye sponji zote zile, ikateremka taratibu, ikanung'unika, ikarudi juu ilikotoka. Mguu wangu ulisimama wenyewe juu ya pedali. Ulimi ule uliokuwa unasukuma misumari hatimaye ulikuwa umepata kazi nyingine. Nilimfikiria kaka, chumba chake kitupu, ukuta wetu ambao hautakuwa na mtu nyuma yake, nikajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Baba Pacha akatokeza mlangoni, nywele zimejaa vumbi la sponji. "Umesikia?"

"Nimesikia mlango unataka mafuta," nikasema.

Lakini alikwisha niona macho, akarudi ndani akitabasamu.

Siku ya safari ilifika kama zinavyofika siku zote tusizozitaka, mapema. Saluni ilikuwa imebaki kiti kimoja na kioo kimoja. Vingine vilikuwa vimekwenda na wanunuzi, na ukutani yamebaki madoa meupe palipokuwa na vioo. Mteja wa mwisho wa kaka alikuwa mume wangu. Alimnyoa zile ndevu polepole, akamfuta shingo, akamkung'uta taulo. Wembe akaufunga kwenye kitambaa akautia mkobani. Nje gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa limewasha injini, mabegi yamekwisha pakiwa, limebaki gita tu.

Baba Pacha hakusimama kutoka kwenye kiti. Aliingiza mkono mfukoni mwa shati.

"Nimejua kuvuta," akasema.

Kaka akatazama saa. Akatazama nje. Akafungua begi la gita.

"Mzunguko mmoja, shemeji. Dereva ananisubiri."

Akaanza. Mume wangu aliingia kabla ya wakati, bila shaka, kama makofi yake. Nikafumba macho. Lakini kaka hakusimama wala hakumtania. Alilisogeza gita kidogo likamfuata alipo, kama unavyomsogelea mtoto anayejifunza kutembea, na mara wakawa pamoja. Wakakaa nyumbani. Wakatoka kwa jirani, akapuliza. Wakarudi, akavuta, na kwenye kuvuta kule akaipinda ile sauti, ikateremka mle ndani ya saluni tupu mpaka nikashika fremu ya mlango. Kaka aliinua kichwa. Alimtazama mume wangu usoni kwa muda, kisha akainama tena juu ya nyuzi.

Mzunguko ukafika mwisho. Kaka alikaa tayari kufunga, lakini Baba Pacha akavuta akarudi mwanzo. Kaka akacheka, akamfuata. Wakazunguka wa pili. Dereva akapiga honi. Wakafika mwisho, Baba Pacha akarudi tena mwanzo.

"Shemeji, funga," kaka akasema juu ya gita.

Mume wangu akatikisa kichwa, kinanda mdomoni.

"Hujui kufunga?"

Akatikisa kichwa tena. Hajui.

"Ndevu hakukufundisha mwisho?" Kaka alicheka kwa sauti. "Makubwa haya! Mwanafunzi amefundishwa kuondoka, hakufundishwa kufika." Na wakazunguka tena, na honi ikalia tena, ndefu safari hii.

Sasa, mwisho anaujua. Wiki nzima nilikuwa namsikia akiufanyia mazoezi: sauti tatu zinateremka, halafu moja ndefu ya kuvuta, kisha kimya. Asubuhi ileile, kabla ya chai, aliufunga wimbo vizuri mara kadhaa mfululizo, nikamsikia akijipongeza peke yake. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi mpaka shingoni. Nikafungua mdomo nimuumbue. Ulikuwa utani mzuri kuliko yote niliyopata kumfanyia, uko tayari ulimini, na mimi ninajijua.

Halafu nikauona mkono wa kaka. Mkono ule hauhitaji ruhusa ya mtu. Gita linaweza kufunga wimbo wakati wowote linapotaka, kwa pigo moja, kinanda kipende kisipende. Nimemwona akiwafungia wimbo walevi waliokuja kuimba, katikati ya ubeti. Lakini kila walipofika mwisho, mkono uliupita mwisho ukarudi mwanzo, na wote wawili waliinamisha macho sakafuni, kila mmoja akimsingizia mwenzake.

Nikafunga mdomo. Nikatoka nje, nikamwambia dereva azime injini.